Anwani za Bure za Miji ya Marekani: Zilivyoanza na Zilivyodhoofika

Mfanyakazi wa shamba la chai au la miwa hahitaji kufundishwa maana ya anwani. Barua yake huandikwa jina lake, kisha jina la shamba, kisha sanduku la posta la kampuni, na ufunguo wa sanduku hilo hukaa kwa karani katika ofisi ya meneja. Akiachishwa kazi, barua zinazofuata hurudi zilikotoka au hulala mezani kwa karani mpaka zitupwe. Anwani ilikuwa yake kwa siku za kazi tu. Mwenye anwani hasa ni mwenye sanduku.

Siku hizi matawi mengi ya vyama vyetu yana anwani ya pili, ile ya intaneti, ambayo wataalamu huiita jina la kikoa. Wazee wa pwani watalitambua neno hilo. Kula kikoa ni kula kwa ushirika, kila mmoja akitoa chakula kwa zamu yake. Ndugu wafanyakazi, kulikuwa na wakati ambapo sehemu kubwa ya majina haya ilikuwa kikoa kwa maana hiyo hasa: watu walijitolea kwa zamu, na wa mji mzima wakanufaika bila kulipa. Habari yenyewe ni ya Marekani, mfumo ulikoanzia, lakini mfumo huo ndio unaotumika Kampala, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Kwa hiyo yafaa tuielewe.

DAFTARI MOJA, KISHA MADAFTARI MENGI

Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina namba yake. Namba ni ngumu kukumbuka, basi watu wakazipa kompyuta majina. Hapo mwanzo majina yote yaliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko California, katika ofisi iliyoongozwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler. Kila mwenye kompyuta alinakili orodha hiyo. Kompyuta zilipoongezeka, orodha moja ikawa mzigo usiobebeka.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, aliyefanya kazi pamoja na Jon Postel katika taasisi ya sayansi za habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, alitunga utaratibu mwingine. Badala ya daftari moja pawe na madaftari mengi, na kila daftari lijue tu ni nani aliyeshika daftari linalofuata. Sisi wa vyama hatuwezi kushindwa kuelewa jambo hili. Katibu mkuu hajui jina la kila mwanachama wa kila shamba. Anamjua katibu wa wilaya, na katibu wa wilaya anamjua katibu wa tawi, na katibu wa tawi ndiye mwenye daftari lenye majina ya wakataji miwa na wachuma chai.

Mwaka 1985 majina ya ngazi ya juu kabisa yalianza kutumika: .com kwa makampuni, .edu kwa vyuo, .gov kwa serikali, na mengine machache. Kadhalika kila nchi iliwekewa herufi zake mbili, na Marekani ikapata .us. Daftari la .us lilikaa kwa Postel. Yeye na mwenzake Ann Cooper waliandika kanuni zake, zilizotolewa Desemba 1992 na kurekebishwa Juni 1993.

Kanuni hizo zilifuata ramani, kama posta inavyofanya. Chukua anwani kama berkeley.ca.us na uisome kutoka kulia kwenda kushoto: us ni nchi, ca ni jimbo la California kwa kifupi kile kile cha posta, na Berkeley ni mji. Mwananchi, fundi, duka au klabu ya mji ule iliweka jina lake mbele ya jina la mji, basi ikawa na anwani. Halmashauri ya mji ilitanguliza ci, ya kaunti co. Maktaba zilipewa lib, vyuo vya ufundi tec, na shule za umma k12, kwa maana ya kuanzia chekechea hadi darasa la 12. Katika mifano waliyoitoa wenyewe imo hii ya shule moja ya sekondari ya Los Angeles: Hamilton.High.LA-Unified.K12.CA.US. Msomaji ameshaona kasoro papo hapo. Jina hilo ni refu kama treni ya mizigo, na mtoto wa shule akikosea nukta moja barua haifiki.

KAZI YA KUJITOLEA

Watu wawili wa ofisi moja ya chuo hawawezi kusimamia kila mji wa nchi kubwa kama ile. Basi miji ikagawiwa. Mtu mwenye ujuzi, awe fundi wa kompyuta wa chuo au mwenye kampuni ndogo ya kuunganisha watu na intaneti, aliweza kuomba akabidhiwe mji wake, na wengine walikabidhiwa miji mingi. Sharti lilikuwa kwamba daftari lake liwe katika kompyuta zisizopungua mbili, zinazojibu usiku na mchana, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi. Ilimpasa awahudumie wote wa mji bila upendeleo, wa kwanza kuomba awe wa kwanza kupata.

Postel alieleza msimamo wake katika waraka wa Machi 1994. Alisema kwamba aliyekabidhiwa jina la ngazi ya juu ni mdhamini tu, kwa niaba ya jamii, na kwamba si mahali pa kugombea haki na umiliki. Kinachotakiwa ni wajibu na huduma. Ofisi yake haikudai ada kwa majina ya miji, na wasimamizi wengi wa miji nao hawakudai.

Mimi ninayezunguka mashambani kuandikisha wanachama napenda msimamo huo, lakini napenda pia kuuliza swali la chama: kazi hii nani analipa? Postel mwenyewe alikuwa na mshahara wa taasisi. Msimamizi wa mji hakuwa na mshahara kwa kazi hiyo, wala msaidizi, wala likizo. Alijaza fomu za watu baada ya kutoka kazini kwake. Umeme ulikuwa wake au wa mwajiri wake, aliyeuvumilia kwa hisani. Tena hapakuwa na mkutano mkuu wa watu wa mji wa kumchagua, kumwondoa au kumtafutia mrithi. Wote waliosimamia vizuri walisifiwa. Aliyechoka, aliyehama au aliyefariki aliacha mji wake bila mwenyewe. Nimeona vyama vya kuweka na kukopa vilivyojengwa hivyo, juu ya mgongo wa mtu mmoja mwema, na mweka hazina alipougua daftari likafungwa kabatini.

BARAKA NI WENGI

Faida kubwa ya anwani za miji haikuonekana mpaka majina yalipoanza kugombewa. Mathalani mama anauza mikate na duka lake linaitwa Baraka. Mji wa pili una Baraka yake, na wa tatu pia. Chini ya utaratibu wa miji wote wanapata jina lao na hakuna anayemzuia mwenzake, kwa kuwa jina la mji linawatenganisha. Chini ya .com Baraka ni mmoja tu dunia nzima. Aliyewahi amewahi, na waliobaki watamwendea na fedha mkononi.

Mwaka 1994 mwandishi wa habari mmoja, Joshua Quittner, alijiandikishia jina mcdonalds.com ili kuonyesha kwamba makampuni makubwa yalikuwa yamelala. Kampuni ya mikate ya nyama ilipozinduka ililipata jina lake kwa kutoa dola 3,500 za kununulia shule moja ya Brooklyn kompyuta. Watu walicheka, lakini wenye mitaji walielewa. Kitu kilicho tele hakina bei. Kitu kilicho kimoja kina bei, na mwenye kukigawa ana mapato ya kila mwaka bila kulima wala kupalilia.

Daftari la .com lilikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Network Solutions, kwa makubaliano yaliyoanza mwaka 1993 na shirika la serikali la kugharimia sayansi. Mpaka katikati ya mwaka 1995 jina la .com lilikuwa la bure. Septemba mwaka huo kampuni iliruhusiwa kutoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, na baadaye dola 50 kwa mwaka. Mwaka 2000 kampuni nyingine, VeriSign, iliinunua Network Solutions kwa hisa zilizohesabiwa kuwa na thamani ya dola kama bilioni 21. Ndugu yangu wa kiwandani, soma tena tarakimu hiyo. Hawakununua mgodi wala reli. Mali kubwa ya kampuni ile ilikuwa daftari la majina na haki ya kulitoza.

Ungedhani watu wangekimbilia miji yao, kwenye bure. Walifanya kinyume. Hapana budi tuwe wakweli juu ya sababu, kwa maana si zote ni hila za mabepari. Jina la .com lilikuwa fupi, likaingia vizuri katika tangazo la redio na ubavuni mwa lori. Kampuni yenye matawi katika miji 10 haikutaka kujifunga kwenye mmoja. Mtu aliyehama mji alilazimika kuacha anwani. Lakini ipo sababu nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi, nayo ni heshima. Jina la mji lilimtambulisha mtu kuwa mdogo.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi kwa jirani zao wa Canada. Huko .ca ilianza mwaka 1987 chini ya John Demco wa Chuo Kikuu cha British Columbia, pamoja na watu wa kujitolea. Kampuni yenye shughuli za nchi nzima iliweza kupata jina fupi moja kwa moja chini ya .ca. Iliyofanya kazi katika jimbo moja ilipewa jina chini ya jimbo, na ya mji mmoja chini ya mji na jimbo. Yaani urefu wa anwani ulikuwa cheo. Mwenye karakana aliandika anwani ndefu, mwenye benki akaandika fupi. Mwaka 2000 chombo kipya, CIRA, kiliposhika daftari na kufungua mlango wa majina mafupi kwa kila Mkanada, haikushangaza kwamba watu waliuingia. Mwaka 2010 Canada iliacha kabisa kuandikisha majina mapya ya majimbo na miji. Yaliyokuwapo yaliachwa yaendelee.

BAADA YA POSTEL

Jon Postel alifariki mjini Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, akiwa na umri wa miaka 55. Tayari serikali ya Marekani ilikuwa ikitafuta namna ya kuyatoa majina katika mikono ya wanasayansi wachache na kuyaweka kwenye mikataba. Kwa .us mwenye kauli alikuwa Wizara ya Biashara. Tarehe 26 Oktoba 2001 wizara iliipa kampuni ya NeuStar mkataba wa kuisimamia. Serikali haikulipa kitu. Mkandarasi angepata fedha zake kwa kuuza majina.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mkandarasi anayeishi kwa ada ya kila jina hana faida katika jina la bure la mji. Aprili 2002 majina mafupi, moja kwa moja chini ya .us, yalianza kuuzwa kwa Wamarekani wote na wakazi wa nchi hiyo. Anwani za miji hazikufutwa. Zilihifadhiwa kwa mkataba, wasimamizi wa zamani wakawekewa makubaliano ya kusaini, lakini kukabidhi miji mipya kwa watu wa kujitolea kulisimamishwa. Mji uliokuwa na msimamizi uliendelea naye. Mji ambao msimamizi wake aliondoka ulirudi kwa mkandarasi.

Hesabu za mwaka 2013 zinaonyesha matokeo. Majina ya miji na majimbo yaliyoandikishwa yalikuwa karibu 13,000 nchi nzima. Kati ya hayo, zaidi ya 9,000 yalishikwa na mkandarasi mwenyewe kwa kukosa msimamizi. Wakati huo huo majina mafupi ya .us yaliyolipiwa yalikuwa zaidi ya milioni moja. Hakuna aliyeua anwani za miji kwa amri. Zilisimamishwa kukua, na shamba lisilopandwa miche mipya kila mtu anajua mwisho wake.

Pigo la pili lilitoka serikalini kwenyewe. Mwaka 2003 .gov, ambayo zaidi ilikuwa ya serikali kuu, ilifunguliwa kwa majimbo, miji na kaunti. Ada ilifika dola 400 kwa mwaka, na halmashauri ndogo nyingi zikaona ni ghali. Sheria iliyopitishwa Desemba 2020 ilihamishia .gov kwenye idara ya usalama wa mitandao, CISA, na Aprili 2021 ada hiyo ikaondolewa. Los Angeles, iliyojulikana kwa ci.la.ca.us, ilikwenda kwanza kwenye lacity.org na baadaye lacity.gov. Seattle iliacha ci.seattle.wa.us ikashika seattle.gov. Minneapolis hali kadhalika. Idara za jimbo la Texas zilizokuwa chini ya state.tx.us zilihamia texas.gov.

Siwezi kuzilaumu halmashauri hizo. Anayeomba .gov huhakikiwa kwanza, kwa hiyo tapeli hawezi kwa urahisi kujifanya ofisi ya kodi ya mji. Mwananchi anayelipia maji kwa simu anahitaji ulinzi huo. Lakini angalia nani ameachwa nje. Chini ya jina la mji, ofisi ya meya na fundi viatu walikuwa katika barabara moja: ci mbele ya mji kwa meya, jina la fundi mbele ya mji huo huo kwa fundi. Meya sasa amehamia .gov, ambako fundi haruhusiwi. Mfanyabiashara mkubwa yuko .com kwa fedha yake. Ushirika mdogo, kwaya, tawi la chama cha wafanyakazi, hawa ndio waliokuwa na haja ya barabara ile ya bure, na ndio waliokuta mlango wa miji mipya umefungwa.

Mwaka 2020 kampuni ya GoDaddy, muuzaji mkubwa wa majina, iliinunua biashara ya NeuStar ya kutunza madaftari, na .us ikaenda pamoja nayo. Shule nyingi bado zinatumia k12 ya majimbo yao. Kwao kubadili anwani ni kubadili vichwa vya barua, mabango, barua pepe za walimu wote na kumbukumbu za wazazi, na shule za umma hazina fedha za kuchezea.

UPANDE WETU

Katika nchi zetu majina hayakupangwa kwa miji. Yalipangwa kwa aina ya shughuli: co kwa biashara, go kwa serikali, ac kwa vyuo, or kwa mashirika yasiyo ya biashara, kisha herufi za nchi. Vyama vya wafanyakazi vingi viko chini ya or. Hata hivyo mwelekeo ni ule ule. Kenya ilifungua majina mafupi ya moja kwa moja chini ya .ke mwaka 2017, na ni rahisi kukisia nani ana fedha ya kulipia jina fupi na nani atabaki na refu.

Juu ya nani ashike daftari, jirani zetu wamekwisha kushughulika. Tanzania mwaka 2010 ilihamisha .tz kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenda kwenye chombo maalumu, tzNIC. Rwanda ilikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa kuwa .rw ilishikwa na watu walio nje ya nchi mpaka ilipokabidhiwa RICTA mwaka 2012. Herufi mbili za taifa zima zilikuwa katika mikono ya wageni kwa miaka mingi, na wakulima na wafanyakazi hawakuwa na habari.

Ngazi ya tawi ndiyo inayonihusu mimi. Mwaka jana nilifika kwenye tawi moja la kiwanda cha nguo kukagua michango. Anwani yao ya intaneti, waliyoichapa kwenye kadi za wanachama wote, ilikuwa imekoma. Kijana aliyewaandikishia, mtoto wa mwanachama, alikuwa mwenye adabu na hakuwaibia hata senti. Aliandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, akalipia kwa simu yake, akarudishiwa fedha zake taslimu bila stakabadhi. Kisha akapata kazi Dubai. Tangazo la kulipia mwaka uliofuata lilikwenda kwenye barua pepe aliyokuwa hafungui tena. Nilipofungua anwani ile ofisini kwao nilikuta matangazo ya kamari. Muuzaji mmoja wa majina alikuwa ameshalichukua, na bei aliyotaka ilizidi michango ya tawi zima kwa miezi mitatu.

Kamati ya tawi ilikaa jioni ile ile chini ya mwembe wa lango la pili. Walikataa kulinunua. Waliandikisha jina jipya kwa jina la chama lenyewe, na barua pepe ya ofisi inayofunguliwa na katibu na mweka hazina kwa pamoja. Muhtasari ulitiwa saini na wajumbe saba, stakabadhi ikabandikwa kwenye daftari la fedha ukurasa wa michango, na tarehe ya kulipia tena ikaandikwa kwa wino mwekundu kwenye ubao wa matangazo, karibu na ratiba ya zamu. Kadi 640 za wanachama zinachapwa upya.